Pedali ndogo ya wawa: kabla hujatoa hela yako

Wapiga gitaa wa Tunduma, Vwawa na Mlowo wananiuliza jambo lilelile: ninunue pedali gani ndogo ya wawa? Wengi wenu mnapiga kwenye vikundi vya kusifu makanisani, wachache kwenye bendi za harusi na kumbi, na karibu nyote mnasafiri kwa bodaboda, gitaa mgongoni na begi la vifaa mapajani. Wawa ya kawaida inameza nusu ya begi hilo na uzito wake si mchezo. Kwa hiyo mnataka ndogo. Nawaelewa. Ila swali la "ipi" linapaswa kusubiri kidogo, kwa sababu wengi walionunua vibaya hawakukosea chapa. Walikosea kwenye mguu au kwenye umeme.

Kwa aliye mgeni: wawa ni pedali ya kukanyaga inayolifanya gitaa litamke "waa, waa", mithili ya mtu anayefumba na kufumbua mdomo. Ilibuniwa Marekani mwaka 1966 kwenye kampuni ya Thomas Organ, ikaingia sokoni 1967, na Jimi Hendrix akaitangaza dunia nzima. Huku kwetu si jambo geni. Vuka mpaka tu: miaka ya 1970 bendi za Zambia kama WITCH na Amanaz zilipiga gitaa la kukwaruza pamoja na wawa, muziki ambao leo unaitwa Zamrock. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam, nayo ilitoa albamu yake ya Ave Africa huko Zambia mwaka 1976. Tafuta Lazy Bones!! ya WITCH, ya mwaka 1975, uisikilize kwa spika nzuri kabla hujaingia dukani. Isipokuvutia, hela yako imepona.

## Unaihitaji kweli?

Nasema bila kupindisha: kama kazi yako ni sebene tupu, wawa haitakusaidia. Sebene inataka sauti safi, nyuzi nyembamba zisikike moja moja; ukikanyaga wawa katikati unaitia tope. Inapofaa ni kwenye ridhimu ya kukwangua, kwenye solo ya taratibu yenye nyuzi za kuvuta, na kwenye rege.

Ahirisha kununua ikiwa:

- Gitaa lako linachomekwa moja kwa moja kwenye mixa ya kanisa.
- Kebo yako inakwaruza ukiigusa. Kebo mbovu haiponi kwa kuongezewa pedali.
- Ampli si yako, na hujui Jumapili ijayo utakuta ipi.

Hilo la mixa nilifafanue, kwani ndilo linalowapata wengi. Gitaa la umeme la kawaida hutoa mawimbi dhaifu ambayo hayapatani na tundu la mixa lililotengenezwa kwa ajili ya kinanda au maikrofoni. Sauti inafika imefifia. Halafu spika za ukumbi zina twita, na twita inatoa zile sauti kali za juu ambazo spika ya ampli ya gitaa huzikata yenyewe. Wawa ikifika mwisho wa kukanyaga inazidisha ukali uleule. Matokeo yake ni mlio mwembamba unaochoma masikio, na mzee wa kanisa anakuja kukuuliza kulikoni. Tafuta kwanza kisanduku cha DI, kile kinachopatanisha gitaa na mixa, au ampli ndogo ya gitaa. Mixa nyingine zina kitufe kilichoandikwa Hi-Z. Kama ya kwenu inacho, kibonye, umesogea hatua.

## Pima mguu kwa boksi

Cry Baby ya kawaida, ile GCB95 ya Dunlop, ina urefu wa takriban sentimita 25. Cry Baby Mini ni kama nusu yake. Kiatu cha namba 43 kina karibu sentimita 28. Hesabu hiyo inaonyesha tatizo: kwenye pedali ndogo, nusu ya mguu wako itakuwa nje.

Si lazima liwe balaa. Ila linabadilisha namna ya kukanyaga. Kwenye pedali kubwa mguu mzima unalala juu na kifundo kinacheza. Kwenye ndogo, kisigino mara nyingi kinabaki sakafuni au kinaning'inia, na kazi inafanywa na sehemu ya mbele ya unyayo. Safari ya pedali nayo ni fupi: mwendo mdogo wa mguu unazaa badiliko kubwa la sauti. Mwenye mguu mzito ataruka kutoka "u" hadi "i" bila kupita katikati, na utamu wote wa wawa uko hapo katikati.

Jaribio hili halina gharama:

1. Kata boksi gumu, urefu sentimita 13, upana sentimita 8 au 9.
2. Liweke juu ya kitabu kinene au kipande cha mbao chenye kimo cha sentimita 5 hivi.
3. Vaa kiatu unachopigia. Si kandambili za nyumbani. Kile cha Jumapili chenyewe. Akina dada mnaopiga mkiwa na viatu vya kisigino, vaeni hivyohivyo.
4. Simama na gitaa begani, kanyaga mbele na nyuma kwa wimbo mzima, huku unapiga na kuimba kama unaimba.

Ukiona unayumba, au nyonga inauma kwa kuning'iniza kisigino, pedali ndogo kabisa si yako. Ipo ya kati: Xotic XW-1 ni ndogo kuliko ya kawaida kwa karibu asilimia 20, na mguu unapata pa kukaa. Bei yake imesimama, lakini.

## Zilizopo, na ninavyoziona

Dunlop Cry Baby Mini (CBM95). Ndani ina koili nyekundu ya Fasel, ile inayopendwa kwa sauti ya zamani, na swichi ya kuchagua sauti tatu: nzito, ya kati, nyepesi. Swichi hiyo iko ndani, lazima ufungue bamba la chini kwa bisibisi. Ifungue siku ya kwanza, jaribu zote tatu, chagua, funga, isahau. Kwa gitaa lenye pikapu kali za koili mbili ningeanza na ya kati. Ikizimwa inaliacha gitaa lipite bila kuguswa.

Hotone Soul Press. Ina kazi tatu: wawa, sauti ya kupandisha na kushusha, na kuendesha vifaa vingine vinavyokubali pedali ya nje. Kwa mpiga gitaa wa kanisani hiyo kazi ya pili ni dhahabu. Wakati wa maombi unaingiza kodi polepole kutoka kimya, bila ule mlio wa kucha kwenye waya. Kuna siku nzima utatumia hiyo tu na wawa usiiguse.

Morley za mfululizo wa 20/20. Si ndogo kama hizo mbili, lakini zina sababu ya kutajwa huku kwetu: hazitumii kile kitasa cha kuzunguka ambacho mafundi redio wanakiita voliumu. Zinatumia mwanga na kihisi. Hakuna cha kusuguana, kwa hiyo vumbi halina pa kukwaruzia. Pia baadhi yake hazina swichi ya kubonyeza. Ukikanyaga inawaka, ukitoa mguu inazima.

Zisizo na jina. Zipo nyingi, na baadhi zinafanya kazi vizuri tu. Zipimeni kwa majaribio nitakayoeleza, sio kwa rangi.

Ukinilazimisha: anayetaka wawa peke yake achukue Cry Baby Mini. Anayepiga ibada achukue Soul Press. Anayepiga kumbi za vumbi usiku kucha, na haoni tabu ya uzito kidogo, aitazame Morley.

## Umeme: hapa ndipo pedali zinapokufa

Karibu pedali zote za wawa zinataka volti 9, umeme mnyoofu (DC), hasi katikati. Kwenye adapta kuna kamchoro: duara lililokatika na kitone katikati, kila kimoja kimeungwa na alama yake. Alama ya kutoa ikiwa imeungwa na kitone cha katikati, ndiyo hiyo. Ikiwa ya kujumlisha ndiyo iliyoungwa katikati, usichomeke.

Sasa angalia kilichopo kanisani. Adapta nyingi za vinanda vya Yamaha ni za volti 12 na chanya katikati. Za ruta ya intaneti na za king'amuzi mara nyingi ni hivyohivyo. Ncha inaingia vizuri kabisa kwenye tundu la pedali, na kuingia huko kusikudanganye. Volti zimezidi na pande zimegeuka. Pedali isiyo na kinga inaungua saa hiyohiyo.

Mambo mengine ya umeme:

- Adapta iliyotoka Marekani. Soma palipoandikwa INPUT. Ikiwa ni 120V tu, haifai; Tanzania na Zambia zote zinatumia volti 230. Inayosomeka 100–240V haina shida, utahitaji kichwa cha plagi tu.
- Betri. Ndogo nyingi hazina nafasi ya betri, kwa hiyo muulize muuzaji kabla ya yote. Zenye nafasi hutumia ile ya mraba ya volti 9, na kwa kuwa wawa inakula umeme kidogo mno, betri nzuri inadumu. Lakini kwenye pedali hizi kebo ikiwa imechomekwa upande wa gitaa, betri inaliwa hata kama hupigi. Chomoa kila ukimaliza.
- Pawabenki. Zipo kebo zinazopandisha volti 5 za USB kuwa 9. Ni msaada siku umeme umekatika katikati ya mkesha. Lakini nyingine zinatia mlio mwembamba kwenye spika, na pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona kifaa kinanyonya umeme kidogo. Jaribu nyumbani kwa zaidi ya nusu saa kabla ya kuiamini mbele ya watu.
- Mngurumo. Ile koili ya ndani inanasa usumaku. Ukiiweka wawa kando ya transfoma ya ampli, au juu ya kigawa umeme cha pedali, itanguruma na utadhani ni mbovu. Isogeze hatua moja, usikilize tena.

## Dukani: majaribio kwa mpangilio

Nenda na gitaa lako na kebo zako mbili. Gitaa la dukani litakudanganya, kebo ya dukani vilevile.

1. Piga bila pedali. Kisha pitisha kwenye pedali ikiwa imezimwa. Sauti ikifubaa, pedali inanyonya sauti, na itafanya hivyo wimbo mzima hata usipoitumia.
2. Piga kodi moja, iache ilie, sogeza pedali polepole kutoka kisigino hadi vidole. Sikiliza mkwaruzo wowote. Mkwaruzo kwenye kitu kipya ni sababu ya kukirudisha kabatini.
3. Washa na uzime mara kumi. "Puu" kubwa kwenye spika itasikika hadi nje ya kanisa.
4. Tikisa bamba la juu kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida. Kugonga pembeni si kawaida.
5. Kanyaga, kisha ondoa mguu. Kwa aina ya kitasa, pedali inatakiwa ibaki pale ulipoiacha. Ikianguka yenyewe, mwombe muuzaji akaze skrubu ya mkazo mbele yako.
6. Iweke kwenye marumaru bila kuishika, kanyaga kwa nguvu za jukwaani. Ndogo ni nyepesi na huteleza. Ikiteleza si kasoro ya kukufanya uiache: kipande cha soli ya kandambili kikigundishwa chini kinamaliza kazi.

Muuzaji akikataa usijaribu, nenda zako. Hakuna pedali ya mwisho duniani.

## Kununua Nakonde, Mbeya, Kariakoo au mbali zaidi

Tunduma mmebahatika kwa kuwa mnatembea kwa miguu hadi nchi nyingine. Ukipata pedali Nakonde, upande wa Zambia, chukua risiti, ipitishe kihalali kwenye kituo cha pamoja cha forodha. Bei ya kwacha igeuze kuwa shilingi kwa kiwango cha siku ileile, kisha ongeza kodi; VAT ya Tanzania Bara ni asilimia 18, na huenda kukawa na ushuru juu yake. Ukimaliza hesabu hiyo, mara nyingine Mbeya, umbali wa kama kilomita 100, inakuwa nafuu.

Mazoea ya kumwagiza dereva wa lori akununulie Dar es Salaam au Lusaka nayajua. Wengi ni waaminifu. Shida ni kwamba dereva hawezi kukufanyia lile jaribio la kwanza hadi la tano, na pedali ikifika na mkwaruzo hakuna wa kumrudishia. Kama unaagiza Kariakoo, Dar es Salaam, mtumie mpiga gitaa mwenzio, si dereva, aijaribu huku umempigia simu na spika iko wazi. Ndipo ulipe kwa simu, na mzigo upande basi. Sisitiza ifungwe kwenye boksi gumu. Safari ni zaidi ya kilomita 900 na hujui utawekwa chini ya gunia gani.

Cha kukusaidia kupima bei: Cry Baby Mini mpya huko Marekani huuzwa dola 100 na ushei. Ukiletewa "orijino mpya" kwa robo ya hapo, fungua bamba la chini. Isipokuwa na koili nyekundu wala swichi ya sauti tatu, basi jina limebandikwa tu.

## "Lakini…"

"Si bora ninunue kifaa chenye milio mingi kwa pamoja?" Kwa anayeanza, huenda ndiyo. Zoom G1X Four ina pedali ya kukanyaga, wawa imo, ngoma za mazoezi zimo, na inatumia betri 4 za AA zinazopatikana hadi Mkwajuni na Itumba. Wawa yake haina ladha ya koili halisi, na utapoteza muda kwenye vitufe. Lakini kama huna pedali hata moja, hela yako itaenda mbali zaidi huko. Nasema hivi nikijua wapenzi wa vifaa vya zamani watanikasirikia.

"Wazee wa kanisa wanasema huo ni mlio wa baa." Usishindane nao. Anza kwa kuiegesha: kanyaga hadi katikati, iache hapo bila kuitikisa, piga solo yako. Gitaa linapata sauti ya puani inayopenya kwaya bila kuongeza ukubwa. Hakuna atakayejua ni wawa. Kutikisa kuje baadaye, sehemu moja ya wimbo mmoja.

"Niiweke wapi kwenye mstari wa pedali?" Mara tu baada ya gitaa, kabla ya pedali ya kukwaruza, na mwangwi uwe mwisho. Ukiibadilisha ikawa baada ya kukwaruza inakuwa kali zaidi, wengine wanapenda. Pedali za kukwaruza za fazi (fuzz) za mtindo wa zamani hugombana na wawa zikifuatana: wawa inapoteza mwendo wake au inapiga filimbi. Zibadilishane nafasi, usikilize.

"Na programu za simu?" Za kufanyia mazoezi chumbani. Jukwaani sauti inachelewa, na simu ikiita katikati ya pambio ni aibu.

## Makosa ninayoyaona kila mara

- Kutikisa mguu kwa kila pigo la ngoma, wimbo wote. Watu wanachoka kwenye ubeti wa kwanza.
- Kukanyaga hadi mwisho kwa nguvu wakati wa solo na kujikuta umebonyeza swichi, umeizima. Kwenye pedali ndogo hili ni rahisi zaidi. Jifunze kusimama kabla ya kituo cha mwisho kwa unene wa kidole, au omba fundi aishushe swichi kidogo.
- Kuweka sauti ya ampli ukiwa kwenye kisigino, halafu ukienda mbele spika inapiga kelele. Weka ukiwa mbele, kwenye ukali wake wote.

## Vumbi

Kiangazi cha Tunduma mnakijua: malori yamepanga foleni, na vumbi lao linaingia hadi kwenye sanduku la sadaka. Wawa yenye kitasa ina tundu pande zote za bamba, na vumbi linatua moja kwa moja kwenye meno yanayokizungusha. Isipotumika jukwaani iwe ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, sio wazi kwenye begi. Kila mwezi fungua chini, puliza, futa meno kwa mswaki mkavu.

Ikianza kukwaruza usikimbilie mafuta ya cherehani wala WD-40 ya kawaida ya gereji. Nunua dawa ya kopo ya kusafishia kontakti za umeme, dondosha kidogo ndani ya kitasa, sogeza pedali mbele na nyuma mara nyingi, acha ikauke. Ikirudia kukwaruza baada ya wiki chache, kitasa kimekwisha na kinabadilishwa. Fundi redio yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza; mwambie asome thamani iliyochapwa kwenye cha zamani, kwa Cry Baby ni 100K, na asiweke namba nyingine kwa sababu ndiyo aliyonayo. Kabla hajakitoa, atie alama ya wino kwenye jino lililogusana na bamba wakati pedali iko kisigino. Akikirudisha bila alama hiyo, wawa itafunguka nusu tu, na mtamaliza mchana mzima mkitafuta ubovu ambao haupo.